Haldane, mtu aliyepima hewa ya mgodini kwa mwili wake

KIKORONGO, KASESE

Dereva wa lori anayetoka Mbarara kuelekea Kongo akifika njia panda ya Kikorongo hukata kushoto. Mbele yake ipo Bwera, kisha mpaka wa Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ipo Kasindi, halafu Beni na Butembo. Asipokata kona, barabara itampeleka Kasese mjini, penye njia ya kupanda Kilembe, na mbele zaidi Hima, kilipo kiwanda cha saruji. Mstari wa ikweta unapita hapo jirani. Mchana, jua likiwa utosini, tambarare hii iliyo kando ya Ziwa George huwa na joto la kumtafutisha mtu kivuli, ingawa akiinua macho siku ya anga safi anaweza kuona theluji juu ya Rwenzori.

Joto hilo haliwasumbui watu peke yao. Kiwanda cha saruji, kituo cha kupoza umeme kama kile cha Nkenda, mitambo ya umeme wa maji kama ile ya mto Mubuku, yote ni aina ya mitambo inayoongozwa siku hizi na vidhibiti vya kielektroniki vilivyopangwa kwenye rafu ndani ya makabati ya chuma. Baadhi ya vidhibiti hivyo vina kazi moja tu: kusimamisha mtambo kabla haujaua mtu. Navyo, kama kifaa chochote cha umeme, hutoa joto. Ndiyo maana juu au chini ya rafu hufungwa feni ndogo, nyingine hazizidi upana wa kiganja, za kuvuta hewa baridi na kuisukuma nje ile ya moto.

Kwa kawaida hufungwa zaidi ya moja ili moja ikifa nyingine iendelee, na mara nyingi huunganishwa na kengele ili fundi apate habari mapema. Vumbi likiziba chujio, au beringi zikichakaa, joto la ndani hupanda kimyakimya. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, umri wa vipuri vya kielektroniki hupungua karibu nusu. Katika kabati la mamilioni ya shilingi, feni ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa, na ni rahisi kuisahau wakati wa kuagiza vipuri.

Swali linalozifanya feni hizo zihitajike, yaani ni joto kiasi gani linavumilika na upepo kidogo unaongeza uvumilivu huo kwa kiasi gani, liliulizwa kuhusu binadamu kabla ya kuulizwa kuhusu vifaa hivi. Mmoja wa watu wa kwanza kulijibu kwa tarakimu ni John Scott Haldane, daktari Mskoti aliyefariki mwaka 1936, miaka 20 kabla ya reli kufika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Mgodi huo hakuuona. Lakini mengi ambayo mchimbaji wa eneo la Maziwa Makuu anayaogopa akiwa chini ya ardhi, na mengine yanayomfika mpishi wa sigiri na kibarua wa Ghuba, yalipimwa na mtu huyu, na chombo alichokitumia zaidi ya vingine vyote kilikuwa mapafu yake mwenyewe.

Vyumba vya Dundee

Haldane alizaliwa Edinburgh mwezi Mei 1860 katika familia ya watu wa sheria na mashamba. Ndugu yake Richard alikuja kuwa waziri wa vita wa Uingereza, kisha Lord Chancellor. Dada yake Elizabeth alikuwa mwandishi. John alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo kilekile ambacho Mwalimu Julius Nyerere alisoma miongo mingi baadaye, akahitimu mwaka 1884. Kutibu wagonjwa hakukumvutia sana. Alitaka kujua wanaugua kwa nini.

Kazi yake ya kwanza ya maana aliifanya mjini Dundee, mji wa viwanda vya katani ya juti, akishirikiana na mkemia Thomas Carnelley. Usiku wa manane walikuwa wakibisha hodi kwenye nyumba za maskini, zile za chumba kimoja zilizolala familia nzima, na kuchukua hewa kwenye chupa. Walipima hewa ya shule pia, na hapo ndipo feni inapoingia katika habari zake kwa mara ya kwanza. Shule zilizokuwa na mitambo ya kusukuma hewa zilikuwa na hewa safi na vijidudu vichache kuliko zile zilizotegemea madirisha tu, ambayo kwa baridi ya Uskoti yalikuwa yakifungwa. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1887. Waliingia hata kwenye mifereji ya maji machafu, ukiwamo ule ulio chini ya Bunge la Uingereza, wakakuta kwamba hewa ya mifereji haikuwa mbaya kama watu walivyodhani. Vyumba vya kulala vya maskini vilikuwa vibaya zaidi.

Kutoka Dundee alihamia Oxford, alikofanya kazi na mjomba wake John Burdon-Sanderson, profesa wa fiziolojia. Miaka ya mwanzo ya 1890 aliingia na mwenzake Lorrain Smith katika sanduku la mbao lisilopitisha hewa, wakakaa humo hadi kichwa kikauma na kifua kikabana. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba pumzi ya binadamu hutoa sumu isiyojulikana. Wawili hao walionyesha kwamba hakuna sumu ya ajabu: kilichowatesa ni kaboni dioksaidi iliyoongezeka.

Mwaka 1891 alimwoa Louisa Kathleen Trotter. Walipata watoto wawili, John Burdon Sanderson aliyekuja kuwa mwanabiolojia mashuhuri, na Naomi aliyekuja kuwa mwandishi. Nyumba yao ilikuwa maabara na maabara ilikuwa nyumba. Inasimuliwa kwamba jioni moja, wageni wakisubiri chakula, Haldane alipanda ghorofani kubadili nguo. Alipochelewa, mkewe alimkuta amelala kitandani, kwa sababu alipoanza kuvua nguo akili yake ilikuwa mbali na mwili ukafuata mazoea.

Maiti zenye mashavu mekundu

Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulilipuka na watu 57 wakafa. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuandika kwamba wameuawa na mlipuko. Haldane alikwenda huko, akazikagua maiti na kuchukua damu. Wengi wao hawakuwa na jeraha la kuwaua. Ngozi zao zilikuwa na wekundu wa mtu mwenye afya, wengine wamekaa au wamelala kama waliopumzika.

Alijua maana ya wekundu huo. Mwaka uliotangulia alikuwa amekaa maabara akivuta kaboni monoksaidi, huku akichukua damu yake mwenyewe kila baada ya muda na kuandika anavyojisikia, mpaka karibu nusu ya damu yake ikawa imeshikwa na gesi hiyo. Ni gesi isiyo na harufu wala rangi. Huing'ang'ania damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na damu iliyoshikwa nayo huwa nyekundu kama tunda lililoiva. Mtu hupoteza nguvu za miguu kabla ya kutambua kwamba yuko hatarini, na wakati mwingine hujiona yuko sawa kabisa.

Taarifa aliyoiandika mwaka huo ilibadili maana ya ajali ya mgodi. Kama wengi wa wafu waliuawa na hewa iliyobaki baada ya mlipuko, basi kulikuwa na dakika za kuwaokoa ambazo hakuna aliyezitumia. Waokoaji wenyewe walikuwa wakiingia na kufa vilevile. Hivyo akashauri waingie na kiumbe mdogo mwenye kupumua haraka kuliko mtu, panya au ndege. Kanari, ndege wa manjano wa jamaa ya chiriku, ndiye aliyependelewa na wachimbaji, kwa sababu akilewa gesi huanguka kutoka kwenye kijiti chake na kila mtu anaona.

Mbinu hiyo ilidumu. Baadaye vikatengenezwa vizimba vyenye mtungi mdogo wa oksijeni juu yake: ndege akianguka, mlango unafungwa, oksijeni inafunguliwa, anazinduka. Wachimbaji waliwapenda ndege wao na hawakutaka wafe. Ilikuwa pia hesabu ya kawaida, kwa kuwa ndege aliyekufa hawezi kutoa taarifa ya pili. Fundi anayefunga feni kwenye kabati la kidhibiti cha usalama yumo katika hesabu hiyohiyo.

Eneo hili linaifahamu gesi hiyo hata pasipo mgodi. Vifo vya watu waliolala na sigiri ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa vimeripotiwa mara nyingi nchini Uganda, Kenya na Tanzania, hasa majira ya mvua na kwenye nyanda za baridi, na si mara moja majirani wamefikiria uchawi au chakula chenye sumu. Jenereta lililowashwa ndani ya duka hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi zaidi.

Mtoto aliyeanguka mbele ya Antony

Haldane hakuwaonea huruma jamaa zake. Mwanawe alipokuwa bado mdogo alimchukua hadi kwenye mgodi mmoja wa makaa, wakatambaa mpaka mahali penye paa lililoinuka, ambapo gesi ya methani ilikuwa imejikusanya. Akamwambia asimame na kukariri hotuba ya Mark Antony kutoka Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili. Mtoto alianza vizuri, pumzi zikamwishia njiani, miguu ikalegea, akaanguka. Chini sakafuni hewa ilikuwa nzuri, akazinduka. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hukaa juu. Mtoto hakulisahau somo hilo hadi uzee wake, na alipokuwa mtu mzima alijifanyia majaribio mabaya kuliko hayo.

Mzazi wa leo akisoma habari hiyo atakunja uso, na kwa haki. Lakini majaribio mengi ya hatari Haldane aliyafanya kwanza kwenye mwili wake mwenyewe.

Mpaka wa nyuzi 31

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Uingereza ilimtuma Cornwall, kwenye migodi ya bati na shaba iliyokuwa imechimbwa chini sana. Katika mgodi wa Dolcoath wachimbaji walikuwa wakikosa damu, wanapauka na kuishiwa nguvu. Wengi walidhani ni hewa mbaya. Haldane aligundua ni minyoo ya safura, ile inayojulikana vyema Afrika Mashariki, iliyokuwa imepata huko chini joto na unyevu inaoupenda. Dawa ya kwanza ilikuwa vyoo, wala si feni. Kwa mtu aliyejenga jina lake kwa kupima hewa, kusema kwamba safari hii hewa haina kosa kulihitaji uaminifu.

Joto la mashimo hayo lilimwongoza kwenye kazi inayoihusu Kikorongo moja kwa moja. Kipimajoto cha kawaida, aliona, hakisemi ukweli wote. Mtu hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hutiririka bure. Kwa hiyo akatumia kipimajoto ambacho tumba lake limefungwa kitambaa kilicholowa maji: kinapungua joto kadiri maji yanavyokauka, kama ngozi ya mtu. Alikaa kwenye vyumba vilivyopashwa joto na kwenye mashimo, akipima joto la mwili wake na mapigo ya moyo.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1905 yalikuwa mafupi na ya kushangaza. Katika hewa iliyotulia, kipimajoto cha kitambaa kikivuka takriban nyuzi 31, joto la mwili wa mtu aliyekaa tu huanza kupanda na haliachi. Haijalishi kipimajoto kikavu kinasema nini. Katika hewa kavu mtu huvumilia joto kubwa ajabu. Na kama hewa inasogea, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, mpaka huo husogea hadi karibu nyuzi 34. Nyuzi tatu hizo zinaletwa na upepo peke yake, bila kupunguza joto la hewa hata kidogo. Kwa mtu anayefanya kazi ngumu mipaka ni ya chini zaidi.

Kwa wenye migodi habari hiyo ilikuwa na thamani ya fedha. Kupoza mwamba wa moto ni ghali na wakati huo ilikuwa karibu haiwezekani; kuzungusha feni kunawezekana. Hapa inafaa kumtaja pia Leonard Hill, mpinzani wa Haldane katika mambo kadhaa, aliyewafungia wanafunzi wake katika chumba kidogo hadi wakaanza kuteseka, kisha akawasha feni za umeme. Hewa ilikuwa ileile chafu, lakini walipata nafuu papo hapo.

Vipimo hivyo vina wajukuu wake. Mwaka 2021 Qatar, ambako maelfu ya Waganda na Wakenya hufanya kazi za ujenzi na ulinzi, ilitunga kanuni kwamba kazi za nje zisimame pale kipimo kinachojumlisha unyevu, jua na joto la hewa kinapovuka 32.1. Sehemu kubwa ya kipimo hicho hutoka kwenye kipimajoto cha kitambaa kilicholowa.

Kuna kingine kilichotokana na joto la migodi, nacho kina ladha ya Katwe. Wachimbaji wa mashimo ya moto walikuwa wakipatwa na mikakamao mikali ya misuli baada ya kunywa maji mengi. Katika miaka ya 1920 Haldane na wenzake walieleza kwamba jasho lilikuwa limewaondolea chumvi, na maji matupu yaliiongezea miili yao upungufu huo. Wakapewa maji yenye chumvi kidogo, mikakamao ikapungua. Ziwa Katwe, lisilo mbali na Kikorongo, limelisha chumvi pande zote mbili za mpaka kwa vizazi vingi, na wachimbaji wake husimama ndani ya maji ya chumvi mchana kutwa chini ya jua lilelile. Chumvi hiyohiyo ndiyo iliyokula mabomba ya kiwanda cha kisasa kilichojengwa hapo na Wajerumani, kikasimama.

Baharini na mlimani

Haldane aliombwa na jeshi la majini la Uingereza atafute kwa nini wazamiaji wanaotoka kina kirefu hupooza au kufa. Alitumia mbuzi, wengi, akiwafungia katika chemba ya hewa ya mgandamizo na kuwatoa kwa kasi tofauti. Mbuzi aliyeumia alionekana kwa kuinua mguu mmoja. Akatunga majedwali ya kumpandisha mzamiaji kwa vituo, akisubiri kidogo kila kimoja ili naitrojeni itoke mwilini bila kufanya mapovu. Mwaka 1906 wanamaji wawili walishuka hadi mita 64 katika bahari ya Uskoti na kurudi salama. Majedwali yalichapishwa mwaka 1908, na mzamiaji yeyote wa kisasa, awe wa Mombasa au Zanzibar, anatumia kanuni zilizotokana nayo.

Mwaka 1911 alikwenda upande wa pili, juu. Yeye na wenzake watatu walikaa wiki tano kwenye kilele cha Pikes Peak huko Colorado, Marekani, mita 4,302 juu ya bahari, wakiangalia jinsi mwili unavyozoea hewa nyembamba. Wanaopanda Margherita, kilele cha Rwenzori chenye mita 5,109, huambiwa wapande taratibu kwa sababu ambazo safari ile ilisaidia kuzieleza. Mwenzao wa tano, Mabel FitzGerald, hakukaa nao kileleni. Alitumwa peke yake kuzunguka miji ya machimbo ya Colorado akikusanya pumzi za wachimbaji. Matokeo yake yamedumu kuliko baadhi ya yale ya kileleni, na Oxford ilimpa shahada mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 100.

Maana Haldane alikosea pia, na kosa lake lilikuwa kubwa. Aliamini kwamba juu milimani mapafu husukuma oksijeni kuingia kwenye damu kwa nguvu yake yenyewe, kama tezi. Joseph Barcroft wa Cambridge alipima kwenye chemba ya kioo na kwenye milima ya Peru, akakuta sivyo. Haldane hakukubali hadi kufa.

Vita na miaka ya mwisho

Aprili 1915 Wajerumani walipofungulia gesi karibu na Ypres, Haldane alipelekwa Ufaransa. Aliitambua kuwa ni klorini, akarudi Oxford na kujifungia nayo chumbani pamoja na wenzake ili kujaribu vitambaa vya kujikinga. Wakati huohuo magazeti yalikuwa yakimshambulia ndugu yake Richard kwa kuipenda Ujerumani, akaondolewa serikalini Mei mwaka huo. Jina la Haldane likawa mzigo, na daktari aliyekuwa amevuta klorini kwa ajili ya askari akawekwa kando katika kazi hiyo.

Alirudi kwenye makaa ya mawe. Tangu 1912 alikuwa akiongoza maabara ya utafiti ya migodi huko Doncaster, iliyogharimiwa na wenye migodi, kisha ikahamia Birmingham mwaka 1921. Kuanzia 1924 hadi 1928 alikuwa rais wa taasisi ya wahandisi wa migodi wa Uingereza, heshima adimu kwa daktari. Mwaka 1934 alipewa nishani ya Copley, ya juu kabisa katika Royal Society.

Akiwa na miaka 75 alisafiri hadi Uajemi na Iraq. Wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha mafuta walikuwa wakianguka kwa kiharusi cha joto, na mzee alitaka kuona mwenyewe. Alirudi Oxford, akapata nimonia, akafariki usiku wa manane kati ya tarehe 14 na 15 Machi 1936.

Baada yake

Kilembe ilianza kutoa shaba mwaka 1956. Madini yaliteremshwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, na mgodi ukaajiri maelfu ya watu kutoka Uganda na nchi jirani hadi uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali imekuwa ikitafuta njia ya kuufufua tangu hapo. Yeyote atakayerudi chini ya mlima ule atahitaji feni kubwa kwenye mdomo wa shimo, na feni ndogo kwenye makabati ya vidhibiti vitakavyoichunga ile kubwa.

Mwezi Juni 2002 wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa katika machimbo ya tanzanite ya Mererani, kaskazini mwa Tanzania, baada ya pampu iliyokuwa ikiwapelekea hewa kushindwa kufanya kazi. Hapakuwa na jambo geni katika ajali hiyo kwa mtu aliyesoma taarifa ya mwaka 1896. Wachimbaji wadogo wa dhahabu kutoka Ituri hadi Geita bado hushuka kwenye mashimo yanayopewa hewa na mpira mmoja na mashine moja ya petroli, ambayo mara nyingine huwekwa karibu na mdomo wa shimo, moshi wake ukivutwa kurudi ndani pamoja na hewa.

Kanari wa Uingereza walistaafishwa mwaka 1986, nafasi yao ikachukuliwa na vipima gesi vya kielektroniki. Baadhi ya vizimba vyao vimehifadhiwa katika makumbusho, vikiwa na mitungi ya oksijeni juu.